Dhoruba za majira ya machipuko kati ya Colorado na Kansas: ni dhoruba moja au tatu?

Mkaazi wa Aurora

Habarini wanajukwaa. Naomba msaada wa wale mliokaa muda mrefu Colorado, Kansas na Nebraska, pamoja na yeyote aliyesomea mambo ya hali ya hewa. Tunaishi Aurora, pembeni mwa Denver, na katikati ya Mei tunatakiwa Wichita, Kansas, kwenye harusi ya mdogo wangu. Tunapanga kwenda kwa gari, tukiwa na watoto pamoja na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ambaye ana presha na magoti yanamsumbua.

Kinachonitatiza ni utabiri wa majira haya. Juzi, katika taarifa moja ya habari, tuliambiwa kwamba milimani magharibi mwetu itaanguka theluji nzito, kwamba kusini-mashariki mwa jimbo utavuma upepo mkavu wenye hatari ya moto wa nyika, na kwamba watu wa Kansas ya kati na Oklahoma wajiandae kwa mvua ya mawe na tornado (kimbunga chembamba kinachoshuka kutoka winguni hadi ardhini), yote hayo ndani ya siku moja. Hapa kwetu watoto walishinda nje na fulana, lakini kulipokucha tulikuta theluji imeulemea mti wa jirani ambao ulikuwa umekwisha kutoa majani, na tawi moja nene limekatika na kuangukia uzio. Tanga tunaijua masika: mawingu hujikusanya kwa siku kadhaa, mvua hushika, na mtu hujua mapema kwamba mabonde yatajaa. Hapa sioni kichwa wala mguu.

Maswali yangu ni haya. Je, theluji ya milimani, upepo mkavu na tornado za Kansas ni mambo matatu tofauti yanayokutana kwa bahati, au ni dhoruba moja? Je, milima ndiyo inayoisababisha? Na mtu mwenye familia apangeje safari ya barabara katika mwezi kama huo? Mume wangu anasema tukate tiketi za ndege. Mimi naona kwamba mtu akielewa kinachotokea anaweza kusafiri kwa usalama, ndiyo maana nauliza.

Msoma Mawingu

Dada, swali lako la kwanza ndilo lenye ufunguo wa mengine yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Mara nyingi ni dhoruba moja. Ni mfumo mmoja mpana wenye kipenyo cha kilomita elfu moja na zaidi, na kila eneo linapata kile kinacholingana na mahali lilipo kuhusiana na kitovu cha mfumo huo.

Majira ya machipuko ni wakati ambapo jua limekwisha kuupasha joto upande wa kusini, huku Canada bado imeganda. Tofauti hiyo ya joto hulisha upepo mkali wa angani unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita 9 hadi 12 juu yetu, na katika upepo huo hupita mawimbi makubwa. Wimbi linapoivuka Milima ya Rocky, hewa hushuka upande wa mashariki kuelekea nyanda za chini. Safu ya hewa iliyokuwa imebanwa juu ya vilele hurefuka inaposhuka, na kadiri inavyorefuka ndivyo mzunguko wake unavyoongezeka kasi. Hivyo kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa huzaliwa, au hupata nguvu mpya, chini kidogo ya milima, hasa kusini-mashariki mwa Colorado. Kwa hiyo ndiyo, milima inahusika moja kwa moja, na wataalamu wa hapa huzitaja dhoruba zinazozaliwa hapo kwa jina la jimbo lenyewe.

Kitovu kikishaundwa, upepo hukizunguka kinyume cha mwendo wa saa, na hapo ndipo mambo yanapogawanyika. Upande wa mashariki wa kitovu, upepo wa kusini huvuta hewa yenye joto na unyevunyevu kutoka Ghuba ya Mexico hadi Oklahoma na Kansas. Upande wa kusini na kusini-magharibi huingia hewa kavu kutoka majangwa ya New Mexico na kaskazini mwa Mexico. Hiyo ndiyo inayoleta vumbi na hatari ya moto mliyotangaziwa. Upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi, upepo unaotoka mashariki hugeuka na kusukumwa kuelekea kwetu. Kumbuka kwamba nyanda hizi zinazoonekana tambarare zina mwinuko: mpakani na Kansas ardhi iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Denver ni mita 1,609, na vilele vya magharibi vinavuka mita 4,000. Hewa inayopanda mteremko huo hupoa, unyevu wake hugeuka mawingu, na ikiwa baridi ya Canada imeshuka vya kutosha, kinachodondoka ni theluji badala ya mvua. Ndiyo maana Machi ndio mwezi wenye theluji nyingi zaidi Denver kwa wastani, kuliko hata Januari.

Njia ya kitovu ndiyo inayoamua hali yetu hapa Aurora. Kikipita kusini, kutoka pembe ya majimbo manne ya Utah, Arizona, New Mexico na Colorado hadi kona ya kusini-mashariki ya jimbo letu, sisi tunazikwa kwenye theluji. Kikipita kaskazini, kupitia Wyoming, tunapata upepo wa joto unaoshuka milimani na anga isiyo na mawingu. Tofauti ya kilomita 150 katika njia hiyo inatosha kugeuza utabiri wote, na ndiyo sababu watabiri husitasita hadi siku moja au mbili kabla. Mtu asiwalaumu kwa hilo, kwa maana wanachokisema kuhusu hatari kwa ujumla huwa sahihi hata kiwango cha theluji kinapobadilika.

Sasa Kansas. Ile hewa kavu na ya moto inayotoka nyanda za juu za kusini-magharibi hupanda juu ya hewa nyevu ya Ghuba na kuifunika kama kifuniko cha sufuria. Asubuhi nzima jua hupasha ardhi joto, unyevu huongezeka chini, lakini hakuna wingu linaloweza kupenya. Alasiri, mpaka kati ya hewa kavu na hewa nyevu unaposogea mashariki, kifuniko hupasuka mahali fulani na wingu moja hupanda hadi kilomita 15 ndani ya muda usiofika saa moja. Kwa kuwa upepo wa chini unatoka kusini na ule wa juu unatoka magharibi kwa kasi kubwa zaidi, wingu zima huanza kuzunguka. Mawingu hayo yanayozunguka ndiyo huzaa mawe makubwa na tornado kali.

Mfano bora wa mfumo mmoja wenye sura nyingi ni dhoruba ya Machi 13, 2019. Mgandamizo wa hewa ulishuka hadi karibu milibari 970 mjini Lamar, kusini-mashariki mwa Colorado, kiwango cha chini kabisa kupata kupimwa katika jimbo. Denver ilifungwa na theluji iliyokuwa ikisukumwa na upepo, na huko Colorado Springs upepo ulizidi kilomita 150 kwa saa. Wakati huohuo, Nebraska ilipata mvua juu ya theluji ya zamani na ardhi iliyokuwa bado imeganda, maji yakakosa pa kuzama, mito ikabeba vipande vya barafu vikubwa kama magari, na Machi 14 bwawa la Spencer kwenye mto Niobrara likabomoka. Mashamba na mifugo mingi ilipotea.

Nyumbani hatuna kitu cha aina hii kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hakuna tofauti kubwa ya joto kati ya kaskazini na kusini, na mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuisokota hewa kwa upana huo. Masika yetu hufuata Ukanda Mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua ulio karibu na ikweta, unapopita, na ngurumo zetu ni za wingu mojamoja. Hata mvua ya mawe ya Kericho, ambayo huharibu chai mara nyingi kwa mwaka, hutokana na mawingu ya alasiri ya nyanda za juu na unyevu wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo usishangae kwamba uzoefu wa Tanga haukusaidii hapa.

Dereva wa Masafa

Nashukuru kwa maelezo hayo ya ndugu yetu. Mimi naendesha lori lenye tela kati ya Denver na Kansas City, hivyo nitazungumzia barabara ya I-70, ambayo dada ataifuata hadi Salina kabla ya kukata kusini kwa I-135 kwenda Wichita.

Watu wengi huogopa upande wa milimani, penye Vail na lile handaki la Eisenhower lililo zaidi ya mita 3,350 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli kwamba huko sheria inataka tairi zenye meno ya kutosha kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31; ukikutwa na tairi zenye kipara ukaziba njia, faini yake ni kubwa. Lakini kwa maoni yangu kipande hatari zaidi katika majira haya ni kile cha tambarare kati ya Aurora, Limon, Burlington na Goodland. Hakuna mlima wa kuuzuia upepo wala mti wa kukuonyesha kwamba unavuma. Utaona mageti yamewekwa kwenye maingilio ya barabara kuu katika miji hiyo, kama mageti ya reli. Dhoruba ikija hufungwa, na barabara nzima hadi mpaka wa Kansas huwa haipitiki kwa saa nyingi. Limon ina hoteli chache, na zikijaa madereva hulala ndani ya magari.

Jambo la pili ni vumbi. Machi 14, 2025, karibu na Goodland, vumbi lilipanda ghafla kutoka mashambani na magari zaidi ya 70 yakagongana kwenye I-70. Watu 8 walikufa. Jioni ya siku hiyohiyo mfumo uleule ulishusha tornado zilizoua watu Missouri. Hapo dada unaona jibu la swali lako kwa macho: asubuhi na mchana upepo mkavu magharibi mwa Kansas, usiku tornado mashariki yake. Ukiliona ukuta wa rangi ya kahawia mbele yako, usijaribu kuupita. Toka barabarani kabisa, mbali na lami, zima taa zote pamoja na hazadi, vuta breki ya mkono, kisha ondoa mguu kwenye pedeli ya breki. Taa zikiwaka, dereva wa nyuma hudhani gari linatembea na hulifuata hadi kulivamia.

Jambo la tatu, na hili naliomba kwa mkazo: mkikutwa na mawe au tornado barabarani, msisimame chini ya daraja. Mei 3, 1999, katika tornado iliyopiga Moore na vitongoji vya Oklahoma City, baadhi ya watu waliokimbilia chini ya madaraja waliuawa, kwa sababu upepo hubanwa pale na kuongezeka kasi, na takataka zote hupita hapohapo. Tena magari yanayosimama chini ya daraja huziba njia kwa wengine walio nyuma, ambao hubaki wazi katikati ya mawe.

Shemeji hajakosea kuhofia, lakini safari hiyo inawezekana. Ondokeni Aurora alfajiri, saa kumi na moja. Ngurumo kali kwa kawaida huanza kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, na mkiondoka mapema mtakuwa mmekaribia Wichita kabla yake. Kumbukeni kwamba baada ya Goodland saa inasogezwa mbele kwa saa moja.

Mkaazi wa Aurora

Nawashukuru sana. Nimelielewa jambo la dhoruba moja, na nimemsomea mama naye ameelewa. Bado nina wasiwasi juu ya Wichita kwenyewe. Tutafikia nyumba ya kupanga isiyokuwa na chumba cha chini ya ardhi, na mama hawezi kukimbia wala kushuka ngazi haraka. Je, king'ora kikilia tutakuwa na muda kiasi gani? Na nimesikia kuna ngazi mbili za onyo ambazo watu huzichanganya.

Mama wa Wichita

Mdogo wangu, karibuni sana Wichita. Nimelea watoto hapa, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kutokitegemea king'ora. Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje. Ndani ya nyumba, usiku, kiyoyozi kikiwa kinanguruma, huenda msikisikie kabisa. Simu zenu zina tahadhari za dharura ambazo hulia kwa mlio mkali hata kama hamna programu yoyote. Hakikisheni hazijazimwa kwenye mipangilio. Ongezeeni na redio ya hali ya hewa, ile ndogo inayotumia betri, ambayo huamsha nyumba nzima.

Ngazi mbili ulizosikia ni hizi. Angalizo hutolewa na Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, nalo hufunika eneo kubwa kwa saa kadhaa. Maana yake hali inaruhusu tornado kutokea, kwa hiyo mtu awe macho. Tahadhari hutolewa na ofisi ya hali ya hewa ya mahali penyewe kwa eneo dogo, mara nyingi kwa muda usiofika saa moja; maana yake tornado imeonekana kwa macho au kwenye rada, na kila mtu aingie mahali pa kujikinga wakati huohuo. Kuanzia tahadhari hadi tornado kufika huwa ni kama dakika kumi hivi kwa wastani, na mara nyingine pungufu. Kwa mama yako, muda huo hautoshi kuanza kujipanga. Kwa hiyo ninyi wenye mzazi mwenye magoti mabovu msisubiri tahadhari. Angalizo likitoka, mhamishieni mapema kwenye chumba mlichochagua.

Chumba chenyewe kiwe ghorofa ya chini kabisa, katikati ya nyumba, kisicho na dirisha: bafu la ndani, kabati kubwa la nguo au korido. Mwekeeni kiti na mto, dawa zake za presha, maji, tochi, na viatu vya kila mtu. Viatu nimevitaja kwa makusudi, kwa sababu baada ya tornado sakafu hujaa vioo na misumari, na wengi hujeruhiwa wakitoka pekupeku. Watoto wavae kofia za baiskeli, na mjifunike magodoro. Kabla ya kusafiri, muulizeni mwenye nyumba kama kuna jirani mwenye chumba cha chini, au kama mtaa una handaki la pamoja. Kama nyumba mliyopanga ni ya aina ile inayovutwa kwa magurudumu na kuwekwa kwenye kiwanja, ibadilisheni leo. Aprili 26, 1991, tornado ya daraja la juu kabisa iliingia Andover, hapa jirani, na katika eneo moja tu la nyumba za namna hiyo walikufa watu 13.

Lakini nakuomba usikilize na upande wa pili. Aprili 29, 2022, Andover hiyohiyo ilipigwa tena na tornado kali, mamia ya majengo yakaharibika, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuawa na tornado yenyewe. Tahadhari ilitoka mapema na watu wakaitii.

Fundi Bodi

Naongeza dogo kuhusu mawe, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa riziki. Tornado huikosa nyumba yako mara nyingi, lakini mawe hukosa mara chache. Mei 8, 2017, mvua ya mawe iliyopita magharibi mwa Denver ilileta hasara ya dola bilioni 2.3, na jengo moja kubwa la maduka huko Lakewood lilifungwa kwa miezi kadhaa baada ya paa kutobolewa. Kabla ya safari, dada aangalie kama gari lina bima kubwa. Ile ya kulinda mtu wa tatu pekee haitalipa hata kioo. Piga picha za gari pande zote kabla ya kuondoka. Mawe yakiwakuta mkiwa ndani, simameni mahali salama, elekezeni kioo cha mbele upande yanakotokea kwa kuwa ndicho kigumu zaidi, kisha watoto wageuzwe mgongo kwa madirisha ya pembeni na kufunikwa blanketi.

Msoma Mawingu

Nimalizie suala la kupanga siku. Kituo cha Norman hutoa mtazamo hadi siku ya nane mbele, na kwa siku tatu za kwanza hatari hugawanywa katika ngazi tano zenye rangi. Ngazi ya kwanza na ya pili ni kawaida ya Mei, na kwa mpango alioutoa ndugu dereva mnaweza kusafiri mkiwa macho. Ngazi ya tatu, tazameni ramani: kama eneo hilo liko mashariki ya Wichita, njia yenu inaweza kuwa salama, kama liko kati ya Hays, mji ulio njiani kwenye I-70, na Wichita, ondokeni siku moja kabla. Ngazi ya nne au ya tano kwenye njia yenu, msisafiri siku hiyo hata kidogo.

Njiani mtapita maeneo ya ofisi nne za hali ya hewa: Boulder kwa upande wa Denver na Limon, Goodland mpakani, Dodge City kwa eneo la Hays, na Wichita kuanzia Russell hadi mwisho wa safari. Kila moja huandika maelezo yake ya utabiri yanayosomeka na mtu wa kawaida. Kwa kuwa harusi ina tarehe yake, ningeshauri mkate hoteli ya Hays inayoruhusu kughairi bila malipo, kwa usiku wa siku mbili kabla ya harusi. Anga ikiwa shwari mtaipita moja kwa moja. Ikichafuka, mama atapumzisha magoti yake hapo na mtaendelea asubuhi, wakati mfumo umekwisha kuhamia Missouri.